Kura ya Mkamua Ng'ombe

Chumba cha mashauri kilikuwa na meza moja, viti vitatu na jiko lililogoma kuwaka. Paraska, mkamua ng'ombe, na Yukhym, fundi wa malori, walikuwa wazee wa baraza kwa wiki mbili tu, lakini sheria ya Kisovieti iliwapa kila mmoja kura sawa na ya hakimu. Sawasawa, usidhani ni utani!

Nje, ukumbini, Motrya na mimba yake ya miezi tisa alikuwa akisubiri kujua kama mumewe, Ostap, anapelekwa kambi ya wafungwa. Ostap alilewa ubatizoni, akalipitisha trekta la shamba la ushirika juu ya barafu ya bwawa. Trekta likazama. Wenzake wa shambani walileta barua mahakamani: tuachieni sisi, tutamchunga.

"Miaka mitatu," alisema Hakimu Leonid Arkadyevich, kalamu mkononi. "Tumekubaliana, au siyo?"

Yukhym alishaanza kuvaa kofia.

"Ngoja kwanza, Leonid Arkadyevich," alisema Paraska. "Sheria yasema wewe unapiga kura mwisho, usije ukatutisha. Au imebadilika tangu jana?"

Hakimu akakohoa. "Haijabadilika, Paraska Ivanivna."

"Basi mimi nasema arudi kwetu. Mlevi ni wetu, trekta ni letu. Akalitoe bwawani kwa mikono yake. Yukhym, wee! Una ulimi, au umeuacha kwa mkeo?"

Yukhym akavua kofia. Akamtazama hakimu. "Arudi."

"Kambini miaka mitatu," alisema hakimu. Kisha akacheka kwa uchungu. "Kwa Waingereza raia huulizwa tu kama mtu katenda au hakutenda. Adhabu ni ya hakimu."

"Pole yao," alisema Paraska. "Haya, wawili kwa mmoja, andika."

Akaandika. Mtu aliyesomea sheria miaka mitano, kashindwa na mkamua ng'ombe, na bado mwandiko wake umenyooka! Hapo Paraska alimheshimu kwa moyo wote. Ukumbini hakimu akaisoma hukumu kwa sauti kavu kana kwamba ni yake mwenyewe, maana kura za chumba kile ni siri, hazitoki nje.

Motrya akamkimbilia hakimu, akamshika mikono huku analia. Kisha akamgeukia Paraska. "Na wewe jirani, umekaa pale kama gogo! Hata neno moja la kumtetea?"

Uso wa hakimu ukaiva kwa aibu, akafumbua mdomo. Paraska akamkata jicho, naye akaufunga.

"Nisamehe, shoga yangu," alisema Paraska. "Twende, ng'ombe wananingoja."