Amina ya Kabla ya Chai

Mambo yaliharibika Jumapili ya kwanza ya Septemba, ibada ya asubuhi, kanisa zima likicheka.

"Mnataka amani ndani ya nyumba?" mchungaji alisema, kipaza sauti kimemkaa mdomoni. "Mwigeni fundi wetu wa milango na mkewe. Kila asubuhi, kabla ya chai, wanapiga magoti. Mwenye kinyongo ndiye anayeomba. Mwenzake haruhusiwi kujitetea. Ni kuitika Amina tu. Juzi dada yetu kaomba, 'Bwana, nisaidie nisimchukie mama mkwe.' Na fundi akaitika!"

Watu wakapiga makofi. Fundi huyo ni mimi. Mama yangu alikuwa benchi la mbele yetu. Hakugeuka. Niliona shingo yake tu, na kitambaa cha kichwa kikiteleza taratibu, naye asikirekebishe.

Ni huyo huyo mchungaji aliyekuja kwetu kutuuliza siri ya utulivu wetu, apate la kuwafundisha wachumba. Mke wangu alisita. "Yatabaki hapa mezani, mama," mchungaji akaapa. Mimi shule niliiacha mapema, lakini milango naijua: mlango ukivunjwa kitasa, unabaki pazia tu.

Kabla ya hapo tulikuwa tunaishi. Mke wangu alikuwa akiomba, "Bwana, mfundishe huyu mtu wako kukung'uta vumbi la mbao huko huko nje," nami naitika huku nimeuma ulimi nisicheke. Zamu yangu ikifika, namshtaki kwa chumvi. Tukiinuka, neno limekwisha. Hakuna aliyewahi kutupatanisha ila Yule tuliyekuwa tukimshtakia.

Nje ya kanisa mama aliniuliza swali moja. "Mwanangu, na wewe uliitika Amina?"

Hakukanyaga tena nyumbani kwangu.

Nilikwenda kwa wazee wa kanisa. "Mtumishi hakosolewi, fundi," wakasema. "Tena kakusifu." Wakubwa bwana! Wakikukanyaga, wewe ndiye uombe radhi kwa kuacha mguu njiani.

Mke wangu hakuacha kupiga magoti. Aliacha sauti. Macho kafumba, midomo inacheza, mpaka aniguse mkono kwamba amemaliza.

"Umeomba nini, mama?"

"Wewe itika tu, baba."

Nikaitika. Hivyo hivyo, miaka, mpaka ugonjwa ulipomlaza. Mpaka asubuhi ile mkono ulipokosa nguvu ya kunigusa.

Kwenye mazishi mchungaji alisema ndoa yetu ilikuwa ya mfano. Wiki iliyopita kaja, kaketi kiti kile kile alichokalia siku ile alipoapa. "Fundi, tupatane. Tuombe."

Nikamwambia sheria ya nyumba hii anaijua, maana kaitangaza mwenyewe: mwenye kinyongo ndiye aombaye, yeye kazi yake kuitika. Nikapiga magoti, nikafumba macho. Neno halikuja. Nilikuwa naiona midomo ile tu.

Asubuhi zote zile, nilikuwa naitikia nini?