Shamba Lililomfuata Harm Tebbe

Jumanne moja ya mwezi wa tisa, mwaka ule ambao viazi vilioza vikiwa bado ardhini, Fenne Tebbe alikuwa akikaanga chapati za unga mweusi kwa mafuta ya nguruwe, na mumewe Harm amekaa mlangoni akikwangua udongo kwenye viatu vyake vya mbao. Bwana Brinkhoff akaja akasimama uani. Hakuingia, kwa sababu nyumba ilikuwa yake na aliijua ilivyo ndani.

"Mzee Harm," alisema, "mgongo wako umekwisha."

"Umepinda tu," alijibu Harm. "Haujaisha."

"Umepinda mpaka jana nikadhani unatafuta kitu. Nimesimama nusu saa nangoja uokote."

"Nilikuwa natembea."

"Ndiyo hayo ninayosema. Kuna mtu wa ng'ambo ya mto, mgongo wake umenyooka kama mlango. Kibanda hiki nampa yeye."

Fenne akapaza sauti kutoka jikoni. "Na hizi chapati nimalizie, au nimwachie mbichi huyo Bwana Mlango?"

"Malizia, mama. Mnakaa mpaka sikukuu ya Malaika Mikaeli, mwisho wa mwezi huu."

Harm alikuwa mtu wa kibanda. Mtu wa kibanda hana ardhi. Analala katika nyumba ya mwenye shamba na kodi yake ni siku za kazi. Akiitwa anakwenda, hata kama bustani yake mwenyewe inaungua. Na kazi kubwa ya Osterlohe ilikuwa ni kutengeneza udongo, maana kijiji kile kimekaa juu ya mchanga mweupe usiootesha hata kitunguu. Watu wa vibanda walikwenda nyikani na majembe mapana, wakaichuna nchi ngozi yake, nyasi na mizizi na vyote, wakayasukuma yale mabonge kwa toroli mpaka zizini. Huko waliyatandika chini ya kondoo na ng'ombe, wakawaachia wanyama wafanye sehemu yao, kisha wakayasomba tena mpaka shambani. Kila mwaka shamba liliongezeka unene wa ukucha. Siku hizo shamba la Brinkhoff lilikuwa limeinuka kufikia kifua cha mtu mzima, jeusi kama sufuria, na aliyetaka kuingia alipanda mteremko kama anayepanda jukwaani.

Sikukuu ilipofika, Harm alikuwa amemaliza siku hiyo hiyo kupanda nafaka ya mkate mweusi, kwa kuwa siku za kazi zilikuwa bado hazijaisha. Alirudi, akapakia kwenye toroli sanduku, godoro na saa ya ukutani isiyotembea, na Fenne akamshika mbuzi kamba. Wakaelekea Nordlage, mwendo wa saa tatu, alikoolewa binti yao Swenne.

Walipofika darajani Fenne akageuka kumhimiza mbuzi. Akatazama kidogo, kisha akasema, "Harm, shamba linakuja."

Harm akageuka. Shamba lilikuwa kweli limetoka mahali pake na linakuja barabarani, likijisogeza kidogo kidogo kama mtu mnene anayejipenyeza kwenye benchi la kanisani. Walipolitazama likasimama. Vipozamataza wawili, ndege wadogo wa mashambani, waliokuwa juu yake waliendelea kudonoa mbegu.

"Rudi," Harm akaliambia.

Shamba likatulia tuli. Walipotembea hatua ishirini, likatembea hatua ishirini.

"Litupie jiwe," alisema Fenne.

"Mimi? Nilitupie jiwe? Mawe miaka arobaini na nne nayatoa humo!"

Darajani palikuwa pembamba. Shamba likajikunjakunja, likapita kwa ubavu, likamwaga udongo kiasi mtoni, na upande wa pili likajitikisa na kujitandaza upya.

Swenne alikuwa akianika nguo walipowasili. Aliwakumbatia wazazi wake, akampokea mbuzi, kisha akatazama barabara, ambayo haikuwapo tena.

"Baba, umekuja na shamba?"

"Limejileta lenyewe."

"Litalala wapi?"

"Nje."

"Mimi nimejiandaa kwa watu wawili na mbuzi," alisema Swenne. "Ungeandika barua."

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu kwa Nordlage. Shamba lililala kando ya nyumba ya Swenne, na kwa kuwa lilikuwa na upana wa ekari tatu, lililala pia kando ya nyumba za watu wengine tisa. Mikokoteni ililazimika kupanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Harm alipokwenda chooni, shamba lilikizunguka choo na kumngoja. Alipokwenda kinyozi, lilisimama dirishani mpaka ndani pakawa giza na kinyozi akamkata sikio kidogo.

"Mzee Harm," walisema majirani, "funga shamba lako, bwana!"

"Si langu," alijibu Harm.

Nalo likaanza kuleta vitu. Kila asubuhi Fenne alikuta kizingitini kitu kilichotemwa na udongo: kijiko cha pembe, kifungo, nusu ya kiko, kisigino cha kiatu cha mbao. Vitu hivi vyote viliwahi kuwadondoka watu zizini, vikazolewa pamoja na samadi. Fenne akavisafisha kwa aproni.

"Harm, njoo uone. Hiki kijiko si cha bibi yako? Angalia, kimeng'atwa hapa."

Harm akakishika, akakigeuza. Bibi yake alikuwa na jino moja la mbele, na alama ilikuwa moja. Alitoka nje, akainama pale pembeni mwa shamba, jambo ambalo halikumgharimu kwa kuwa tayari alikuwa ameinama, akalikuna kwa vidole. Mchana kutwa alikuwa na uso wa mtu aliyeitwa jina lake na mtu mzito mbele ya watu.

Huko Osterlohe, Bwana Brinkhoff alikuwa na shimo. Mahali pa shamba palibaki mchanga mtupu, na upepo ukavuma ukauingiza katika supu yake, kitandani mwake na katika ndevu zake. Bwana Mlango alisomba mabonge kwa bidii na mgongo wake ulionyooka, lakini mchanga uliyameza yote. Basi Brinkhoff akaja Nordlage na farasi wanne na kamba.

Farasi walivuta tangu kifungua kinywa mpaka saa sita. Kamba ikakatika, farasi mmoja akakaa chini. Brinkhoff akabadili mbinu, akaleta toroli la samadi mbichi, akasimama nayo mbele ya shamba akirudi kinyumenyume.

"Njoo," alisema kwa sauti ya upole ambayo mkewe hajawahi kuisikia. "Njoo, njoo mpenzi. Tazama, ya ng'ombe hii."

Shamba likainua ukingo mmoja, likanusa, likalala tena.

"Umelilisha nini?" Brinkhoff alimuuliza Harm.

"Sijalilisha kitu."

"Basi liambie lirudi nyumbani!"

"Nimeliambia. Wewe ulinisikiliza lini, mpaka lenyewe linisikilize?"

Brinkhoff akaenda kwa hakimu. Hakimu alikuwa mtu mwembamba mwenye mafua, na alipenda mambo yaishe kabla ya chakula. Alikuja Nordlage na karani, akapanda juu ya shamba na meza yake ndogo, akafungua daftari kubwa la ardhi.

"Imeandikwa hapa," alisema, "kwamba shamba hili liko mashariki ya kanisa la Osterlohe. Halipo. Huo ni ukiukaji wa daftari. Harm Tebbe, umeliiba?"

"Hapana, mheshimiwa. Nilikuwa na toroli tu."

"Umeliita?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini linakufuata wewe?"

Harm akafikiri. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na shamba lilikuwa limejisogeza mpaka kwenye magoti yake. "Labda kwa kuwa mimi ndiye niliyelibeba, mheshimiwa. Hii ya juu hapa yote ni yangu. Hiyo ya chini yake ni ya baba, alibeba mpaka siku aliyofia kwenye toroli. Chini yake ni ya babu na bibi. Chini zaidi ni ya babu zao, na sijui majina. Kule chini kabisa kuna Tebbe mmoja aliyekuwa hana hata toroli, alibeba kwa kichwa."

"Hakuna udongo wa ukoo wa Brinkhoff humu?"

Harm aliona haya kujibu, lakini alikuwa ameulizwa. "Kuna mwaka mmoja babu yake Bwana Brinkhoff alikunywa akaanguka humu. Alilala siku mbili. Labda kuna kitu aliacha."

Karani akacheka, akajifanya anakohoa. Hakimu yeye aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepata jibu la hesabu.

"Kwa hiyo shamba lote, kutoka chini mpaka juu, limebebwa na ukoo wako."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Basi inaeleweka kwa nini linakufuata. Andika, karani. Na shamba hili ni la nani?"

"La Bwana Brinkhoff," alisema Harm.

"Vizuri sana," alisema hakimu. "Hakuna mgogoro."

Fenne akanyoosha mkono. "Samahani, mheshimiwa. Shamba la Brinkhoff linamfuata mume wangu. Sasa mume wangu akilirudisha kwa Brinkhoff, nani anamfuata nani?"

Hakimu akapekua daftari mbele, akapekua nyuma, akapiga chafya. "Swali hilo halimo humu," alisema.

Hukumu ikawa kwamba Harm alirudishe shamba kwa miguu yake, na kwamba asiende mbali nalo tena, lisije likazurura. Kibanda kilikuwa tayari cha Bwana Mlango, kwa hiyo Harm na Fenne walipewa nusu ya zizi la kondoo, ile yenye paa. Brinkhoff aliomba iandikwe kwamba kuchunga shamba hakuhesabiki kuwa siku ya kazi, maana mchungaji wa shamba anakaa tu. Ikaandikwa. Aliomba pia vile vitu vya kizingitini, kwa kuwa vimetoka katika shamba lake. Fenne akatoa vifungo, kiko na kisigino. Kijiko alisema kimepotea, na hakimu, aliyeona mpini wake ukichungulia kwenye aproni, akaangalia pembeni akajifuta pua.

Walirudi siku ya mvua. Shamba likaingia katika shimo lake, likageuka mara mbili, likakaa sawasawa.

Majira ya baridi yalipita vizuri kuliko walivyotazamia. Kondoo wana joto. Saa kumi jioni Harm alilitembeza shamba mpaka kinu cha upepo na kurudi, la sivyo lilihangaika na kumwaga kando zake. Jumapili lilikuja kanisani. Mchungaji Ahlers aliliomba libaki nje kwa sababu ya matope, nalo likabaki, ila wakati wa nyimbo mimea yake michanga ilielekea upande wa kinanda.

"Linajua wimbo kuliko nyinyi," mchungaji aliwaambia waumini.

Mwezi wa tatu Harm alishikwa na homa ya mapafu. Siku ya nne, mchana, alimwambia Fenne, "Nani atalitembeza?"

"Wewe lala."

"Lisipotembea linaziba upande wa chini. Maji hayatoki."

"Nimesikia, Harm. Lala."

Akalala, akafa. Fenne alikaa naye kidogo, kisha akatoka nje kuliambia shamba, akakuta lilikuwa limekwisha kusogea mpaka ukutani mwa zizi na limeegemea hapo.

Mazishini lilitembea nyuma ya jeneza. Kaburi lilipofukiwa, likapanda ukuta wa makaburi bila kuangusha jiwe hata moja, likajilaza juu ya Harm, na kwa kuwa lilikuwa kubwa likajilaza pia juu ya wafu wengine wote wa Osterlohe. Halikuondoka tena. Walilijaribu kwa kamba, kwa samadi na kwa zaburi.

Mchungaji Ahlers alihuzunika. "Wafu wangu sasa wako chini kupita kiasi," alimlalamikia Brinkhoff. "Siku ya mwisho parapanda italia, watu wa Nordlage watakuwa wamekwisha fika mbinguni wamekaa viti vya mbele, sisi bado tunachimba."

"Hilo ni lako na Mungu," alisema Brinkhoff. "Mimi nina nafaka humo."

Kweli nafaka ilikua. Haikuwahi kuonekana nafaka kama ile: mabua yalipita kofia za watu, na masuke yalikuwa mazito hata yakaegemeana. Mwezi wa saba Brinkhoff akapeleka wavunaji makaburini, na akamwita Fenne, ambaye bado alikuwa akiishi katika zizi na kwa hiyo bado alikuwa na siku za kazi.

Fenne alifunga miganda tangu umande ulipokauka. Alipofika mahali pa Harm alipajua, akapunguza mwendo.

"Wamekupanda vizuri," alisema akielekea chini. "Mgongo umenyooka sasa? Maana hapa juu wanakusifu."

"Mama Fenne!" aliita Brinkhoff kutoka kwenye mkokoteni. "Hayo mazungumzo na ardhi yataisha lini? Na kaza hiyo miganda, inalegea!"

Fenne akakaza. Mikokoteni minne ikajaa, ikashuka mteremko ambao watu walikuwa wameukata penye lango la makaburi, ikaelekea ghalani kwa Brinkhoff. Desturi ya Osterlohe humruhusu mjane kuokota masuke yaliyodondoka. Fenne akainama akaokota, na alikuwa amejaza nusu ya aproni wakati Brinkhoff alipofungulia bata bukini wake, nao wakapanda wote arobaini kwa mstari, wakipiga kelele, wakatangulia mbele yake wakiyala masuke yote.