Jani Lililofungwa Jiweni

"Nipe majani yasiyodeka," fundi cherehani alimwambia muuza samaki wa mapambo dukani kwake. "Yasiyotaka taa kali, wala dawa, wala kubembelezwa. Sijawahi kufuga mmea wa majini, na cherehani hainipi nafasi."

Wifi yake, aliyesimama nyuma na mkoba kifuani, akacheka kwa pua. "Sema tu unataka majani ya mvivu."

Fundi hakugeuka. Angegeuka, wangeumbuana pale pale mbele ya wateja.

Tangu mumewe afariki, fundi alibaki na mama mkwe wake, wao wawili tu, na tangi la samaki la marehemu juu ya meza ya dirishani. Kiti cha mama kililielekea tangi, na kila asubuhi aliwasalimia samaki kabla ya binadamu. Wifi alitaka kumhamishia mama yake kwake. Mama alimpa jibu moja tu: "Samaki wa mwanangu wakiwa hai, mimi sihami." Tangu siku hiyo wifi akawa anakuja kila wiki kuwakagua. Safari hii alimkuta mmoja amekufa, mkia umechanwachanwa na maua ya plastiki yaliyokuwa humo ndani.

"Bado wenzake," alisema, kama mtu anayengoja zamu yake.

Ndipo fundi akatoka mbio kutafuta majani ya kweli. Wifi naye akamfuata, ati mama yake asije akawekewa magugu.

Muuza samaki akatandaza majani mezani. "Hili ni kangaga la majini. Hata ukilisahau, lenyewe linaendelea na maisha yake. Hili la majani mapana, magumu kama ngozi, tabia yao ni moja. Na hili unalitupa tu juu ya maji, linaelea, samaki wanajificha chini yake."

"Na lile jekundu?" wifi akauliza.

"Lile ni bibi harusi, mama. Linataka taa yake, mbolea yake, gesi yake ya kupuliziwa majini. Ukikosea kidogo tu, limenuna, limekufa."

"Kumbe ndilo linalomfaa mama yangu! Huyu anachagua la kufanana naye. Gumu, kavu, halizai chochote."

Fundi hakujaliwa mtoto. Muuza samaki hakulijua hilo, lakini hata yeye aliinamisha macho. Akashika kangaga na kulionyesha kwa wote wawili. "Mnaona hili shina nene, limelala kama kidole? Msilifukie. Likifukiwa linaoza, na maji yanaharibika. Lifungeni juu ya jiwe kwa uzi. Mizizi itashika yenyewe."

"Mmea juu ya jiwe!" Wifi alikuwa muuza miche, mtaa mzima ulimwita Mama Miche. "Mimi nimekulia matutani. Leo muuza samaki anifundishe kupanda?"

Nyumbani, fundi aliyafunga majani mawili kwenye mawe kwa uzi mweusi, kwa fundo lile lile la kushonea vifungo vya makoti. La tatu akaliacha lielee. Mama mkwe alimtazama mpaka mwisho.

"Umeyavisha mawe nguo," akasema.

"Hayakuleta hata kitambaa, mama." Wakacheka.

Wiki iliyofuata fundi alitoka kupeleka sare za shule kwa mteja. Aliporudi, harufu ilimpokea mlangoni. Kwanza akaona ndoo ya wifi, tupu, imebaki udongo mweusi kingoni. Kisha akaona mawe yake sakafuni, nyuzi zimekatwa. Maji ya tangi yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake majani yote, hata lile la kuelea, yamechomekwa kwa mstari kama mboga tutani. Samaki walikuwa juu kabisa, midomo wazi, wakitafuta pumzi.

Wifi alikuwa anajifuta mikono kwa kanga. "Nimekupandia. Udongo wangu mwenyewe, na samadi iliyoiva. Sasa yatastawi."

"Umekuja kuwaua!"

"Kuua? Mimi? Mikono hii haijaua mche hata siku moja!"

"Nilimwambia," mama akasema kitini. "Nilimwambia tangi si tuta. Akanijibu, nyamaza mama, haya nayajua."

Fundi hakungoja zaidi. Mumewe alikuwa na kawaida ya kuweka ndoo ya maji yalale kabla ya kuwabadilishia samaki, na yeye hakuiacha kawaida ile. Akamimina maji yale kwenye beseni la kufulia, akaanza kuwavua samaki kwa chujio la chai. Wifi alisimama pembeni, hakuinua hata kidole. Mmoja alilala ubavu, akabaki hivyo. Waliosalia walizama, wakatulia, wakaanza kupumua.

"Haya," wifi akasema. "Tangi limekwisha. Mama, nikufungie mizigo yako."

"Samaki wako hai."

"Kwenye beseni, mama! Utakaa hapa kuangalia beseni?"

"Nitaangalia beseni."

"Mimi ndiye uliyenizaa! Huyu ni mke tu wa mtu, na huyo mtu hayupo!"

"Nimekuzaa, ndiyo. Lakini umezoea kung'oa hiki na kupanda kile, sasa unadhani na mimi ni mche. Mimi nimeshika hapa. Niache."

Wifi akabeba ndoo yake. Mlango aliufunga kwa kishindo mpaka maji ya beseni yakacheza.

Fundi aliliosha tangi mpaka harufu ikaisha, akayasuuza majani, akayafunga tena mawili kwenye mawe yake, la kuelea akaliacha lielee, akawarudisha samaki.

Wifi hakuacha kuja. Huwakagua samaki kwanza, ndipo amsalimie mama yake. Kwa fundi hatoi salamu kabisa. Fundi humwekea chai, nayo hupoa bila kuguswa. Siku moja wifi alisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo cha tangi. Kangaga lilikuwa limeshika jiwe kwa mizizi yake, na limetoa jani jipya, dogo, kijani kibichi.

"Limepinda," akasema.

Mama akasogeza kiti chake karibu zaidi na tangi. Fundi akakata uzi kwa meno, akaendelea kushona.