Siku Mchungaji Verlene Aliposimamishwa Mbele

Siku ile nilivaa kofia yangu ya njano, ile ya Pasaka, kwa sababu nilikuwa nakwenda kutazama mtu akiaibishwa. Naliweka wazi mapema, msije mkanipa sifa nisizostahili.

Kanisa letu la Mlima Pisga, hapa Greenwood, Misisipi, lina desturi moja niliyoipigia kelele tangu nilipojua kupiga kelele. Msichana akipata mimba bila mume, husimamishwa mbele, chini ya mimbari, aseme: "Nimelikosea kanisa, naomba radhi." Halafu angoje. Lazima mtu mmoja ainuke aombe msichana asamehewe, na wa pili aunge mkono. Wasipoinuka, si mwenzetu tena. Nimewaona wasichana wengi pale. Mwanamume sijamwona hata mmoja, utadhani mimba zetu zililetwa na mafuriko ya mto.

Mimi nilisimama nikiwa na miaka kumi na sita. Aliyenipa mimba, mtoto wa Shemasi Tolliver, alikuwa akipitisha sahani ya sadaka. Na aliyenishika kiwiko akaninong'oneza maneno ya kusema ni mwalimu wetu wa Shule ya Jumapili, Verlene Gadsden. "Kwa sauti, Luvenia. Wa nyuma hawakusikii." Mimi sisahau kitu.

Miaka ikapita, Verlene akawa mchungaji wetu, mwanamke wa kwanza kupanda mimbari ile. Alihubiri mpaka akina mama wa kanisa wakasahau kujipepea. Kisha ikajulikana kwamba Bertha Ames, yule mwanamke dereva wa basi la shule anayekaa nyumbani kwake, si mpangaji. Walikuwa wanapendana kama mke na mume, wale wachache wanaopendana. Mashemasi wakampa sharti: asimame palepale, aseme maneno yaleyale, na Bertha ahame. Hapo ataendelea kuhubiri. Akakubali.

Basi ibada ikaisha, kikao kikaanza. Ozella, jirani yangu wa benchi, akanisogelea.

"Kofia yote hiyo, mwenzangu, kwani leo kuna arusi?"

"Nimekuja kutazama."

"Hata mie. Kuku wangu wanapoa jikoni, lakini hili silikosi."

Mchungaji Verlene akashuka mimbarini na joho lake jeusi. Bertha alikaa benchi la mwisho, mkoba mapajani.

"Nimelikosea kanisa," Verlene akaanza, kwa kisauti cha mtoto.

"Kwa sauti, Mchungaji," Shemasi Tolliver akasema. "Wa nyuma hawakusikii."

Nikasikia utamu mdomoni. Naapa, kama pipi.

Lakini wa nyuma alikuwa amesikia. Bertha aliinuka, akashika njia ya mlangoni, hana hata chozi. Verlene akamwona.

"Keti, Bertha. Wewe si dhambi yangu."

"Mchungaji, tulikubaliana," Tolliver akasema.

"Tulikubaliana, Kaka Shemasi, na naona aibu kwamba nilikubali. Tangu usichana wangu namwomba Mungu aniondolee pendo la namna hii. Nimefunga, nimelia. Hakuliondoa. Aliponijibu, aliniuliza habari za Luvenia."

Watu wote wakageukia kofia ya njano.

"Nilimsimamisha mtoto mjamzito hapa nilipo," akasema, "nikamlisha maneno ya kujidharau, ili mtu asije akanitazama mimi. Kwa hilo nimelikosea kanisa. Naomba radhi."

Akangoja.

Kimya kile nakijua. Nilimwona Verlene akishika joho lake kwa pembeni, jinsi nilivyolishika gauni langu, na mimi nikaendelea kukaa. Nilitaka akionje kimya kile mpaka mwisho. Ozella alinipiga kiwiko, nikakaa. Mimi niliyeandika mabango dhidi ya kila dhalimu wa wilaya hii, nilikaa na kofia yangu, nikala aibu ya mwenzangu kama chakula.

"Kwa kuwa hakuna aliyeinuka..." Tolliver akaanza.

Sauti yake ndiyo iliyoniinua. Ilikuwa na utamu uleule wangu.

"Naomba kanisa limsamehe," nikasema.

"Umechelewa, Dada Luvenia."

"Sijachelewa, hujamaliza sentensi yako. Na mwanao bado namngoja asimame hapo mbele. Huyo ndiye aliyechelewa."

Mtu akacheka, akajifanya anakohoa. Tolliver akauliza nani anaunga mkono. Bertha akanyoosha mkono. Tolliver akasema yeye hahesabiki, ni mhusika. Nikamtazama Ozella. Ozella akatazama viatu vyake. Ningeinuka mapema, pengine angeinuka na yeye. Pengine. Hilo ndilo ninalolala nalo.

Verlene akavua joho, akalikunja, akaliweka kwenye kiti cha mchungaji, akatoka na Bertha mchana kweupe kwa mlango wa mbele. Nikawafuata.

"Luvenia," akasema pale ngazini, "umenisamehe?"

"Bado."

"Najua."

"Jumatano utafundisha Biblia wapi?"

"Nitafundishia wapi tena, dada?"

"Njoo kwangu. Viti njoo navyo, mimi nina vinne tu, na kimoja kibovu."

Bertha akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Basi hicho kibovu akikalie mchungaji," akasema, akaenda kuwasha gari.

Mimi nilivua kofia. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa nimeikumbatia tumboni, mtu asiione.