Sauti ya Pili Dukani kwa Fazal

Mwalimu Donatus wa kwaya alinipa kanda ya kwaya ya wageni wa Kahama na kiredio chake kidogo kisicho na spika. Akasema, "Mageni, kufikia Jumamosi saa tisa uwe umeshika sauti ya pili uwafundishe wenzako. Ukishindwa, wimbo tutauimba bila sauti ya pili." Sisi noti hatusomi, tunashika kwa sikio. Na hiyo sauti ya pili ni sisi wanawake sita, tungekaa kwenye benchi tukiwatazama wenzetu.

Nikaenda kwa Fazal pale Geita kutafuta visikilizio vya kuchomeka masikioni. Alikuwa na vya aina tatu: rahisi, vya kati na vya ghali. Vya kati akavisifu sana. Lakini kwa Fazal hujaribu peke yako. Kimoja anakuwekea wewe, kingine anachomeka mwenyewe, maana wachimbaji walishamkimbia navyo mara mbili. Basi mnasimama kichwa kwa kichwa kama mbuzi wa kamba moja.

Jumanne nikajaribu vyote. Sauti ya pili hamna. Alhamisi tena, hamna.

Jumamosi saa nane nikarudi. Mchimbaji mmoja, Bujiku, niliyemkuta pale mara zote, alikuwa anangoja betri, tope mpaka magotini.

"Mayu, mama, chukua vya ghali. Besi yake inakupiga mpaka kwenye figo!"

"Figo zangu haziimbi," nikamwambia.

Akacheka. "Siku ya tatu hii! Dada huyu ananunua visikilizio au anachagua mchumba?"

Nikajaribu tena vyote. Vya rahisi vilikoroma kama mafuta ya kukaangia. Vya ghali, ngoma tupu. Vya kati, sauti ya kwanza safi kabisa, ya pili hamna. Nilitaka kulia.

Ndipo nikaona Fazal amefumba macho, anaguna taratibu na wimbo. Alichokuwa anaguna mimi sikukisikia kwenye sikio langu.

"Mzee Fazal, hiyo unaitoa wapi?"

"Si humu kwenye kanda?"

"Nipe hicho chako."

"Aa, binti, mimi sikio la kulia halisikii tangu utoto. Siku zote nachukua cha kushoto."

"Nipe!"

Fazal akanipa. Sauti ya pili ilikuwamo, tena wazi. Wageni waliipanga upande wa kushoto peke yake. Nikachomeka vya rahisi: imo. Vya ghali: imo, chini ya ngoma. Siku tatu nimetembea kutoka kijijini kutafuta kitu ambacho mzee huyu alikuwa anakisikiliza bure.

Nikalipia vya kati.

"Si ndivyo nilivyokuambia tangu Jumanne?" akasema Fazal, anatabasamu.

Sikuaga. Zilibaki dakika ishirini kabla ya saa tisa. Nikachomeka vyote viwili na kuimba sauti ya pili njia nzima, kwa hasira, watu wakinipisha.