Geti la Kinyozi

Bosi wetu alikuwa akithamini nyumba bila kushuka garini. Anashusha kioo, anaitazama, anauliza, "Ya jirani tuliandika ngapi?" Nikimjibu, anaongeza kidogo juu yake, anapandisha kioo na kumwambia dereva, "Twende." Ofisi nzima tulimwita Bwana Twende, naye akadhani tunamsifu.

Mimi nilikuwa mthamini wa benki ya mikopo ya nyumba, mwenye stashahada na tepu ya kupimia ambayo haijawahi kutoka mkobani. Kazi yangu ilikuwa kukaa kiti cha nyuma na kutia sahihi. Tukishasema nyumba ina thamani gani, benki inakopesha thamani yote, mpaka hela ya mapazia. Mwaka wa kwanza rejesho lilikuwa dogo, mkopaji analipa huku anapiga mluzi. Mwaka wa pili lilivimba.

"Likivimba akashindwa?" nilimuuliza bosi.

"Atauza. Bei itakuwa imepanda."

"Atamuuzia nani?"

"Mtu mwingine tutakayemkopesha sisi."

"Na huyo akishindwa?"

"Binti, una maswali kama mke wangu. Haya madeni hatukai nayo. Tunayafunga mafungu, tunauuzia mfuko wa pensheni, tunapata hela, tunakopesha tena. Yakioza, yataozea kwao. Twende."

Asubuhi moja gari lilikata kona ya mtaa niliokulia, likasimama mbele ya nyumba ya shangazi yangu. Shangazi ni fundi cherehani, na ndiye aliyenilea. Nyumba ile aliijenga kwa kushona sare za shule, leo chumba, mwakani chumba, ndiyo maana humo ndani hakuna milango miwili inayolingana. Sasa alitaka kuiweka rehani anunue nyingine ya kupangisha, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa umekopa na yeye amechoka kuonekana mshamba.

Alitupokea barazani, wanja machoni.

"Karibuni! Mwanangu, mwambie bosi wako nimepaka rangi."

"Shikamoo, shangazi. Umepaka upande wa barabarani tu."

"Kwani bosi wako anapita upande wa nyuma?"

Bwana Twende alicheka mpaka akashusha kioo chote. "Ya jirani tuliandika ngapi?"

Jirani alikuwa kinyozi, aliyejenga kwa mkopo wetu na kuweka geti zuri kuliko yote mtaani. Nikaitaja bei yake. Bosi akaongeza kidogo. "Haya, tia sahihi."

Mkono ukagoma. Rejesho la mwaka wa pili likimshinda shangazi, atalala wapi, juu ya cherehani?

"Naomba nishuke," nikasema. Dereva alinigeukia kana kwamba nimeomba kuruka kutoka kwenye ndege.

Geti la kinyozi lilikuwa na simba wawili wa dhahabu. Nikagonga, kimya. Nikasukuma. Nyuma yake kulikuwa na msingi, magugu, na mbuzi aliyeniangalia kama mdai kodi. Nyumba haikuwepo. Mkopo uliishia getini, na uliobaki ulinunua kiti cha kunyolea kinachozunguka. Ila kwa bei ya geti lile tulithamini nyumba ya mwalimu, kwa bei ya mwalimu tukathamini ya muuza mkaa, kisha mtaa wa pili, kisha wa tatu.

Nikarudi garini. "Bosi, jirani hana nyumba. Ana geti."

"Lakini ni zuri?"

"Zuri sana."

"Basi."

"Sisaini."

Shangazi alisikia. "Husaini nini? Kinyozi umemsainia, muuza mkaa umemsainia, zamu ya shangazi yako ndio mkono umeingia ganzi?"

"Watakutoa humu ndani, shangazi."

"Anitoe nani! Nimekulisha kwa cherehani, leo unanibania?" Akaingia ndani na kubamiza mlango, mmoja wa ile isiyolingana.

Bwana Twende akaniambia nisije kazini kesho. Atatafuta mwenye mkono mwepesi. Huyo angemsainia shangazi kabla ya chai. Kwa hiyo nikapiga simu mfuko wa pensheni, nikawaambia kitu kimoja tu: njooni msukume mageti.

Wakaja kabla huyo hajapatikana, wakasukuma. Wakakuta misingi, wakakuta kuta za mbele zisizo na za nyuma, na wakakuta nyumba za kweli zenye watu ambao rejesho lilishawashinda zamani. Wakaacha kununua madeni. Benki ikakosa hela mpya, ikaacha kukopesha. Wakopaji wapya wakakosekana, na hao ndio waliokuwa wanunuzi. Kila ukuta ukaandikwa INAUZWA, bei ikashuka mpaka chini ya deni. Wenye akiba wakakimbilia benki wakakuta kufuli. Fundi ujenzi akakosa kazi, akaacha kwenda kunyolewa. Kinyozi akakosa wateja, akaacha kulipa. Hata ambao hawakukopa hata sindano walipunguzwa kazini.

Maombi ya shangazi yalikuwa bado mezani, hayajasainiwa, benki ilipofungwa.

Basi ukaitishwa mkutano wa familia sebuleni kwake, chakula kikisubiri mezani mpaka niwaombe radhi waliopata hasara. Alikuwepo baba mdogo, mwenye nyumba tatu na madeni matatu. Alikuwepo kinyozi, ambaye siku hizi anapanga chumba cha nyuma kwa shangazi. Bwana Twende alikuja kwa miguu, jasho likimtiririka, gari walishalichukua.

"Ungenyamaza, mambo yangekwenda," alisema baba mdogo.

"Yangekwenda mpaka lini?"

"Mpaka sisi tuuze!"

"Na yule wa mwisho kununua?"

"Huyo simjui."

"Angekuwa shangazi."

Wote wakamtazama shangazi. Aliisogeza sahani yake, kisha akairudisha. "Sare hazina wateja," alisema, bila kunitazama. "Mtaa mzima hawanisalimii kwa ajili yako. Waombe radhi, mwanangu, tule."

"Wewe ulilala wapi jana, shangazi?"

"Chumbani kwangu, wapi tena?"

"Na kesho?"

Baba mdogo akagonga meza. "Radhi, binti! Neno moja tu."

"Siombi," nikasema. "Pakueni au msipakue, siombi."