Kasri la Duru Tatu

Mara ya kwanza niliitazama ile video nikicheka. Ofisi nzima ilikuwa inacheka. Sisi ndio tunaochora ramani za bahari, na sakafu ya bahari tunaijua ilivyo: matope, mchanga, mawe, matope tena. Sasa kijana mmoja anayejiita Mvumbuzi, mwenye ndevu zilizochongwa na sauti ya kutangaza dawa ya mende, alikuwa amefungua ramani ya setilaiti mtandaoni, akaisogeza mpaka mbali kabisa na nchi kavu, akatuonyesha mji uliozama. Mitaa iliyonyooka. Mitaa mingine inaikata. Katikati kulikuwa na duru tatu, moja ndani ya nyingine, ambazo yeye aliziita kasri la mfalme. Watu milioni mbili walikuwa wameshamtazama.

Fundi wa printa, ambaye tunakaa naye chumba kimoja, aliniuliza kama kuna viwanja vimebaki karibu na hilo kasri, maana mkewe amechoka kupanga. Nikamwambia maji yapo ya kutosha, tatizo ni umeme. Tukacheka mpaka wa chumba cha pili wakagonga ukuta.

Mitaa ile si mitaa. Setilaiti haioni chini ya bahari, inakisia tu, na makisio yake yana ukungu kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Meli ya upimaji ikipita na mashine yake ya kupima kina, mstari ule iliopita ndio unaopata vipimo vya kweli, kwa hiyo unajitokeza mkali katikati ya ukungu. Na meli huenda na kurudi, huenda na kurudi, kama mtu anayepiga deki ukumbi, kisha hukata kwa upande ili kuhakiki. Ukiangalia kutoka juu unaona mji. Hakuna mfalme pale. Walikuwepo mafundi wenye kichefuchefu na makopo ya chai.

Mvumbuzi akaivuta picha karibu zaidi. Namba za mahali zikatokea chini ya skrini, na kicheko changu kikaishia hapo hapo.

Namba zile ninazo kichwani tangu nina miaka kumi na tano. Mama yangu anazo kwenye droo ya cherehani yake, chini ya vifungo, kwenye barua ya rambirambi iliyotoka ofisi hii hii ninayofanyia kazi. Ndipo alipoangukia baba yangu. Alikuwa mpima kina kwenye meli, wenzake wakimwita Bwana Kina, na asubuhi moja, miaka tisa iliyopita, wimbi lilimtoa sitahani akiwa anakagua waya. Hakupatikana. Barua ilisema meli ilimtafuta siku mbili, mchana na usiku, bila kupumzika. Mama hana kaburi la kupalilia. Ana namba zile, na ana hizo siku mbili.

Niliirudisha video nyuma nikazitazama zile duru. Fundi wa printa aliniuliza kama naumwa.

Baba alikuwa na sheria moja aliyoileta mpaka mezani kwetu tulipokuwa tunakula: meli ikitembea, mashine haizimwi. Iwe inapima, iwe inarudi, iwe imepotea njia. Kila mpima aliyefundishwa naye aliishika sheria hiyo, na mwanafunzi wake wa karibu kuliko wote ndiye aliyekuwa zamu kwenye mashine siku ile. Maana yake ni kwamba baba alipoanguka na meli ikageuka kumtafuta, mashine iliendelea kuandika kila ilipopita. Meli ikimtafuta mtu huzunguka, kila duru kubwa kuliko iliyotangulia. Kasri la mfalme lilikuwa ni baba yangu anatafutwa.

Kama ni siku mbili, duru zile zingekuwa mia. Pale zilikuwa tatu.

Nilishuka chumba cha kumbukumbu, nikaipata safari ile, nikafungua ramani iliyochorwa na ofisi. Mistari ilikuwa imenyooka, safi, hakuna duru hata moja. Mtu alikuwa amezifuta. Kitabu cha safari kiliandika siku mbili za kutafuta, kwa mwandiko mzuri wa kiongozi wa upimaji. Lakini kila mwaka ofisi hutuma vipimo vyake ghafi kwenye ramani ya pamoja ya dunia, na mkupuo wa mwaka ule ulikuwa umeshatumwa kabla mtu huyo hajakumbuka kuusafisha. Alifua nguo za nyumbani, akasahau shati alilomwazima jirani. Na jirani sasa amelivaa hadharani.

Nikafungua faili ghafi lenyewe. Kila kipimo kina saa yake. Duru ya kwanza ilianza saa nne na dakika kumi na saba asubuhi. Ya tatu ilimalizika saa nne na dakika hamsini na nane. Baada ya hapo kuna mstari mmoja ulionyooka, ambao Mvumbuzi anauita barabara ya kifalme, na saa tano na dakika sita meli ilikuwa imerudi kwenye mstari wake wa ishirini na tatu, inapima kama kawaida, huku na kule, mpaka jioni.

Dakika arobaini na moja.

Kiongozi wa upimaji wa siku ile leo ndiye Mkuu wa ofisi yetu. Ofisini namwita Mkuu. Nyumbani namwita baba mdogo, kwa sababu ndiye aliyeleta ile barua, akakaa kwenye kiti cha baba, akalia na sisi. Mama anamwita shemeji. Ndiye aliyenitafutia nafasi hii nilipomaliza chuo. Kwa shukrani, mama alimshonea koti la kijivu lenye bitana ya hariri, akaiunga ile hariri kwa mkono, sindano moja moja, wiki tatu. Mkuu hulivaa kila penye wageni. Na mama huwa ananiuliza nikirudi kazini: shemeji hajambo?

Kesho yake, kabla sijapanga nitasema nini, Mkuu aliniita mwenyewe. Alikuwa mchangamfu. Akaniambia kwamba kwa miaka yote hii hakuna raia aliyejua kuwa ofisi yetu ipo, na sasa dunia nzima inaongelea bahari, kwa hiyo Alhamisi tunafungua milango. Mvumbuzi atakuja, atarusha moja kwa moja kwenye chaneli yake, wakubwa watakuwepo. Kazi yangu ni kuchapa ramani ya ukubwa wa ukuta ikionyesha ule mji. Niondoe namba za mistari, niondoe saa, na kwenye duru niandike jina ambalo Mvumbuzi amelichagua: Kasri la Mfalme.

Nilimuuliza kama anajua duru zile ni nini. Uso wake haukubadilika. Ni vidole tu vilivyoacha kuchezea kalamu. Hapo nikaelewa kwa nini mtu aliyezifuta duru zile anataka kuzitundika ukutani. Zikishakuwa kasri, nani atauliza zilikuwa nini?

"Binti yangu, funga mlango," akasema.

Nikaufunga. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba mkondo ulikuwa mkali, maji ya baridi, na baba alikuwa amevaa mabuti mazito. Kwamba meli ilikuwa ya kuazima, walipewa siku kumi na moja tu, na wakubwa walisubiri vipimo. Kwamba baba angekuwa ameshakufa kwenye duru ya pili. Kwamba yeye hajawahi kulala vizuri tangu siku ile, jambo ambalo sikulihitaji.

"Basi ungeandika hivyo," nikamwambia. "Ungeandika: tumemtafuta dakika arobaini na moja, tukarudi kazini."

"Na mama yako ningempa nini? Zile siku mbili ndizo zilizomsimamisha. Wewe unataka kumnyang'anya. Ukishamnyang'anya, utakuwa umemsaidia nini?"

Nilitoka bila kuaga. Kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba swali lake lilikuwa na maana. Nilizunguka uwanja wa ofisi mara nne nikitafuta jibu. Nilimwona mama akifungua ile droo. Nikamwona akinyoosha ile barua kwa kiganja. Ningeweza kuichapa hiyo ramani, nikaandika jina la kipuuzi la mfalme asiyekuwepo, na mama angeendelea na siku zake mbili mpaka azeeke. Ila angeendelea pia kumuuliza shemeji hajambo. Nami ningejibu hajambo, kila jioni, mpaka mmoja wetu afe. Hapo ndipo niliposhindwa.

Nikaenda nyumbani mchana huo huo. Mama alikuwa anashona sare za wanafunzi, pini mdomoni, utepe wa kupimia shingoni. Nilimwekea kompyuta juu ya meza ya kukatia na nikamwambia yote bila kupamba. Hakulia. Alitoa pini mdomoni moja moja akazichomeka kwenye mto wake. Kisha akaweka kidole kwenye skrini akaifuata duru ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu ule mstari ulionyooka unaotoka. Alivyokuwa akiufuata, ungedhani anakagua mshono wa mtu mwingine.

"Huyu alikuwa na haraka," akasema.

Akaniuliza ni dakika ngapi. Nikamwambia tena. Akahesabu kwa vidole.

"Kumshonea mtu mikono ya koti kunanichukua zaidi ya hapo."

Nilimwomba radhi. Akaniuliza radhi ya nini, mimi nilikuwa usukani? Kisha akataka kujua Alhamisi saa ngapi.

Jumatano nilichapa ramani. Sikuondoa chochote. Niliacha namba za mistari, nikaacha saa, tena nikaziandika kwa wino mwekundu, kubwa, za kusomeka na mtu aliyesahau miwani. Kwenye duru sikuandika jina la mfalme. Fundi wa printa alisimama akiitazama karatasi inavyotoka, mstari baada ya mstari, na utani ukamwisha. Alikuwa anamfahamu Bwana Kina. Akaikunja mwenyewe, akaipeleka ukumbini, akaitundika na kuifunika kitambaa, na Mkuu alipomuuliza kama kazi iko sawa akasema haijawahi kuwa sawa kama leo.

Alhamisi asubuhi ukumbi ulijaa. Mvumbuzi alikuwa mdogo kuliko anavyoonekana kwenye video, na jasho lilimtoka. Simu yake ilisimama kwenye kijiti chake cha miguu mitatu, ikirusha. Mkuu alivaa koti la kijivu. Akazungumza kuhusu siri za vilindi na ushirikiano wa sayansi na vijana, akavuta kitambaa, akaendelea kuzungumza maneno kama matatu hivi kabla hajageuka kutazama.

Mvumbuzi ndiye aliyesoma kwanza, kwa sauti, kwa sababu alidhani ni sehemu ya shughuli. Akasoma saa zile nyekundu kwenye kila duru. Akauliza, kasri gani hili lina saa?

Mama akainuka kutoka kiti cha nyuma. Alikuwa amekuja na nguo zake za kazi, utepe bado uko shingoni. Watu walimpisha. Akafika mbele ya ramani akaweka kidole katikati ya duru ya ndani kabisa.

"Mwanangu," akamwambia Mvumbuzi, "hapa hapana mji. Hapa ndipo alipoanguka mume wangu. Hii ni meli inamtafuta. Na huu ndio mstari walioondokea."

Lazima nimtendee haki kijana yule: hakuizima simu. Mkuu alimwambia aizime, mara mbili, mara ya pili kwa ukali, na yeye akarudi nyuma hatua moja, mikono mfukoni, kama mtoto aliyevunja kitu cha watu.

Mama akamgeukia Mkuu. Sijawahi kumsikia mama akipandisha sauti na hakuipandisha siku ile.

"Shemeji. Wewe uliniambia siku ngapi?"

Mkuu aliniangalia mimi, akaangalia wakubwa wake, akaangalia mlango. Akaanza kusema mkondo ulikuwa mkali.

"Sikukuuliza mkondo."

Nilikuwa nimejiandalia maneno, nimekesha nayo siku mbili, maneno ambayo yangemchuna ngozi mbele ya kila mtu. Nilipiga hatua. Mama akanizuia kwa mkono bila kunitazama.

"Vua koti," akamwambia Mkuu.

Alidhani hakusikia vizuri. Mama akarudia, na safari hii akanyoosha mkono kulipokea, kama anavyopokea nguo ya mteja iliyokuja kurekebishwa. Mkuu akalivua. Mkono wa kushoto ulimkwama, akahangaika nao, hakuna aliyemsaidia. Akabaki na shati, jasho limechora mgongo mzima, mbele ya dakika arobaini na moja zilizoandikwa kwa wino mwekundu.

Tulitoka. Kuna benchi la saruji nje ya lango la ofisi, na mama alikaa hapo, akalipindua koti, akatoa kiwembe chake cha kufumulia mfukoni, akaanza kwenye bega la kulia. Nilimwambia twende nyumbani. Akasema nyumbani hataki liingie. Ndani tulisikia kelele zimeanza, viti vinaburutwa, mtu anauliza nani aliyechapa, na sauti ya fundi wa printa ikijibu kwa utulivu kwamba ni yeye.

Nikaangalia saa yangu. Mama alikuwa anafumua uzi mmoja mmoja, bila kuichana hariri, uzi aliouingiza kwa mikono yake mwenyewe ili amshukuru mtu. Dakika arobaini na moja zilipotimia, alikuwa bado yuko kwenye mkono wa kwanza.